Sikio la Kushoto

Nilimpa hedifoni, yeye akaziweka mezani bila kuzitazama, akawasha tochi ya simu yake.

"Geuka kidogo, binti."

Nikageuka. Akamulika tundu la sikio la kulia, kisha akanizungusha kwa ishara ya kidole akamulika la kushoto. Hakunigusa. Alipozima tochi alivuta kopo la plastiki ambalo zamani lilikuwa la pipi, akalifungua. Ndani yake ilijaa mipira ya hedifoni, ile midogo inayoingia sikioni: myeupe, myeusi, ya kijivu, mingine kama kofia ya uyoga, mingine yenye tabaka mbili.

"La kushoto ni dogo kuliko la kulia. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Nimetembea nayo masikio haya miaka thelathini na minane.

Meza ya Mzee huyu iko kwenye baraza la duka la vifaa vya simu, Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey. Nilikuwa nimekwenda kununua hedifoni mpya, kwa sababu zangu zilikuwa zimepoa. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Zilikuwa zinalia pande zote mbili, hazikukatika wala hazikukoroma, lakini muziki ulikuwa umeondoka ukaacha kivuli chake. Mwenye duka akanionyesha ukuta mzima wa maboksi, karibu kila moja likijisifu kwa besi. Nilipouliza ipi ni nzuri, alinyoosha kidevu kuelekea barazani. "Muulize Mzee kwanza. Akikwambia ununue, rudi nikuuzie."

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda.

Hesabu yenyewe, kama alivyonieleza huku akichagua mipira kwa kibano, si ngumu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na upana wa milimita saba. Mwisho wake ni ngoma ya sikio. Utando wa hedifoni nao ni kitu kidogo, mara nyingi hauzidi milimita kumi kwa upana. Utando huo hauna ubavu wa kusukuma hewa ya chumba, ila una ubavu wa kusukuma kile kiasi kidogo cha hewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Mpira ukiziba sawasawa, besi inafika. Ukiacha upenyo, hata mwembamba kama unywele, besi inavuja, na kinachobaki ni sauti nyembamba na miluzi. Mteja anarudi dukani kulalamika kwamba hedifoni hazina besi, kumbe anahitaji mpira wa ukubwa mwingine, ambao pengine anao nyumbani ndani ya boksi lilelile, kwenye kile kifuko ambacho hakukifungua.

Alinivalisha mpira wa kati kulia na wa kati kushoto, bila kuwasha muziki.

"Sema mmmm."

Nikasema mmmm. Upande wa kulia sauti yangu ilinguruma kichwani kama niliyetia kichwa ndani ya mtungi. Upande wa kushoto ilikuwa ileile ya kila siku.

"Umesikia? Sikio lililozibwa linakurudishia sauti yako mwenyewe. La kushoto bado liko wazi." Akabadilisha, akaweka mdogo. "Mmmm." Ikanguruma. "Sasa tafuna, kama unatafuna muwa." Nikatafuna hewa mbele ya wapita njia wa Kariakoo, na upande wa kushoto ukaachia. Taya likicheza, tundu la sikio nalo hubadilika umbo. Mpira unaoziba mtu akiwa kimya huweza kufunguka akicheka au akiongea. Mzee hakusema kitu. Alirudi kwenye kopo akatoa mpira wa sponji, ule unaojirudi wenyewe ukiuminya. Akaniagiza niusokote kati ya vidole mpaka uwe mwembamba kama njiti, nivute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, niuingize, kisha niushikilie pale nikihesabu hadi thelathini. Nilihesabu. Kadiri sponji ilivyojaza tundu, honi za pikipiki zilikuwa zinarudi nyuma, moja baada ya nyingine, kana kwamba mtaa mzima umehamishiwa mtaa wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyoondoka na hedifoni zenye sura mbili, silikoni kulia na sponji kushoto. Lakini hapo nimetangulia, kwa sababu siku hiyo sikuondoka nazo.

Meza ya Mzee imetandikwa kitambaa cha kijani ili vitu vidogo visiruke vikidondoka. Juu yake kuna taa yenye lenzi ya kukuzia, chuma cha kulehemu kwenye kishikio chake, sifongo lenye maji, mita ya umeme, wembe uliovunjwa nusu, sindano mbili, chupa ya spiriti, na rola ya plasta nyeupe ya karatasi, ile wanayobandikia bandeji hospitalini. Plasta hiyo ilinishangaza kuliko vyote. Nilidhani ni ya vidole vyake.

Alianza na usafi. Aliondoa mipira, akageuza mdomo wa kila hedifoni uelekee chini, akausugua wavu wake kwa brashi ya mswaki iliyokatwa manyoya yakabaki mafupi. Alisisitiza kuelekea chini, maana nta ya sikio ikisuguliwa juu huanguka ndani na kuganda juu ya utando. Kisha pamba kwenye njiti, tone moja la spiriti, mguso mmoja, na kungoja ikauke. Akausogeza wavu wa kushoto chini ya lenzi, akanivutia taa nione. Nilichodhani ni chuma cheusi kilikuwa chuma cheupe kilichozibwa na mimi mwenyewe. Nikaona aibu. Yeye alikuwa ameshageukia upande wa pili.

Kisha akasikiliza, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wanamngoja.

Ana kicheza muziki kidogo, kimechubuka rangi yote, chenye memori kadi ya nyimbo chache sana. Nyimbo za kazi, anaziita, si za starehe. Moja ni ya Mlimani Park Orchestra ya zamani, ambamo magitaa matatu yanapishana bila kugongana na gitaa la besi linatembea chini yake kama mtu anayejua njia. Nyingine ni taarab ya Culture Musical Club ya Zanzibar, kwa ajili ya kanuni na fidla. Ya tatu si wimbo kabisa, ni dakika mbili za mtu anasoma habari. Hiyo ya tatu ndiyo anayoanza nayo. Sauti ya mtu anayezungumza, alisema, kila mmoja wetu anaijua tangu tumboni. Gitaa linaweza kukudanganya kwa sababu hujui lilivyosikika studio, lakini mtu akisema "asubuhi" unajua s yake inapaswa kuwaje.

Alipandisha sauti kidogo sana. Mara ya kwanza nilidhani hasikii kitu. Baadaye nikaona kwamba ni desturi yake kuanzia chini na kupanda ngazi moja moja, na kusimama pale tu maneno yanapoeleweka. Ana sababu mbili. Moja ni ya afya. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na fundi anayesikiliza kutwa nzima hawezi kuzichezea saa hizo. Ya pili ni ya ufundi. Kitu kikilia kwa nguvu zaidi kidogo, sikio hukiona kizuri zaidi hata kama si kizuri. Kwa hiyo akilinganisha hedifoni mbili, husawazisha kwanza ukubwa wa sauti, akihesabu ngazi kwa kidole gumba, ndipo atoe hukumu. Wauzaji wengi wanafanya kinyume, na wanauza.

Alisikiliza habari zote dakika mbili. Akazirudia. Akazivua, akanipa mimi.

"Huyu msomaji amekaa wapi kichwani mwako?"

Swali la ajabu, mpaka ulijaribu. Nikafumba macho. Msomaji hakuwa na mahali. Alikuwa kulia na alikuwa kushoto, na katikati palikuwa pamepwaya, kama sebule ambayo wenyeji wote wameegemea kuta.

"Anatakiwa akae hapa," akagusa kati ya nyusi zake. "Hii pini uliibadilisha?"

Nilikuwa nimeibadilisha, mwaka uliopita, kwa fundi mwingine, baada ya kuikanyaga. Mzee akatikisa kichwa polepole, si kwa kumlaumu mtu. Waya za upande mmoja zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Utando wa kulia ukisukuma mbele, wa kushoto unavuta nyuma. Hedifoni zote mbili zinalia na kipimo hakionyeshi kasoro, ila sauti inayopaswa kukutana katikati haikutani. Mwaka mzima nilikuwa nikisikiliza pande mbili zinazobishana, nikadhani hedifoni zimezeeka.

Kukata pini ya mtu kunahitaji ruhusa, akaniomba, nikampa. Wembe ukapita mara moja. Akachuna ganda la mpira sentimita mbili, bila kugusa kilichomo, akitumia uzito wa wembe wenyewe. Ndani zikajitokeza waya nne nyembamba kama nywele, moja ya kijani, moja nyekundu na mbili za rangi ya shaba, pamoja na uzi mweupe wa nailoni ambao hauna kazi ya umeme. Upo wa kubeba mvuto, ili ukining'iniza simu kwa bahati mbaya shaba isikatike. Mafundi wenye haraka huukata na kuutupa. Yeye aliukunja pembeni akauacha.

Rangi zile za waya si mapambo. Ni vanishi, na ndiyo inayozuia waya kugusana, kwa hiyo risasi haishiki juu yake mpaka iungue. Wengine huichoma kwa kiberiti, na shaba huungua pamoja nayo, ikawa nyeusi na kukatika baada ya wiki. Mzee alikifuta chuma cha kulehemu kwenye sifongo, kikafanya chss, akayeyusha tone nene la risasi kwenye ncha, akalitumbukizia waya wa kijani. Akahesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu. Moshi mwembamba ukapanda wenye harufu ya utomvu. Alipoutoa waya, ncha yake ilikuwa imegeuka fedha, milimita tatu kamili. Akafanya hivyo kwa zote nne, akikifuta chuma kila mara, hata pale nilipoona kisafi.

Ndipo akachukua mita. Waya mbili za shaba hazitofautiki kwa macho, hivyo aliweka ncha moja ya mita kwenye kijani na nyingine kwenye shaba ya kwanza. Kimya. Akahamia ya pili. Ndani ya hedifoni ya kushoto kukasikika mkwaruzo mdogo, krr, na mita ikasoma omu kumi na sita na ushee. Jozi imepatikana. Nyekundu na shaba iliyobaki zikawa jozi ya pili. Akasokota shaba zote mbili pamoja.

Kabla ya kulehemu alifanya jambo ambalo anasema amelisahau mara nyingi ujanani, na kila fundi wa pini amewahi kulisahau. Alivisha kwanza kifuniko cha pini kwenye waya, na nyuma yake kipande cha mpira unaosinyaa kwa joto. Ukisahau, unamaliza kazi nzuri halafu unaibomoa yote ili uvishe kifuniko. Kisha kijani kwenye ncha ya pini, ambayo ni kushoto, nyekundu kwenye pete inayofuata, na shaba kwenye shina. Kila kiungo alikigusa kwa chuma muda wa pumzi moja, akakipuliza, akakivuta kidogo kwa kibano. Uzi wa nailoni ulifungwa fundo kwenye bawa la pini. Akasogeza mpira, akaupitishia ubavu wa chuma cha moto bila kuugusa, nao ukasinyaa ukakumbatia.

"Vaa."

Msomaji wa habari alikuwa amekaa kati ya nyusi zangu.

Ningelipa niondoke. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ameweka ule wimbo wa Mlimani Park. Akasikiliza mwanzo tu, labda sekunde arobaini, akarudisha, akasikiliza tena, mara sita au saba. Kisha taarab. Uso wake hauonyeshi kitu anaposikiliza, ila kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hupanda na kushuka juu ya kitambaa. Besi ilikuwa sawa. Kilichomsumbua ni juu: matoazi ya ngoma na ile s ya mwimbaji, zilichoma. Kasoro hii ni ya hedifoni nyingi za bei ya chini. Sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za karibu na hezi 3,000. Ukiliziba ukuzaji ule unapotea, na mtengenezaji analazimika kuurudisha kwa makusudi. Wengi wanaurudisha kwa kuzidisha.

Wenye fedha wametatua tatizo hili kwa vichujio. Mzee ana jozi ya ER-4 aliyoachiwa na mteja aliyehama, nayo huionyesha kama mtu anavyoonyesha saa ya babu yake. Kampuni ya Etymotic Research, iliyoanzishwa na Mead Killion huko Illinois, Marekani, ilitoa hedifoni hizo mwaka 1991, na ndani ya mdomo wake mna kichujio kidogo cha kijani cha kutoa na kurudisha. Killion alitoka kwenye kazi ya vifaa vya wenye uziwi, na hata spika iliyomo ni ya ukoo wa vifaa hivyo. Nilimwuliza Mzee kama angeweza kupata vichujio kama hivyo kwa ajili yangu. Akavuta rola ya plasta ya hospitali.

Plasta ile ina vitundu visivyoonekana, hivyo inapitisha hewa lakini inaisumbua kidogo. Alikata kipande chini ya lenzi, akakibandika juu ya wavu kikafunika nusu yake, akasikiliza. Akakitoa. Akakata kingine, theluthi mbili, wavu ukabaki kama mwezi mwandamo. Akasikiliza. S ilikuwa imetulia, lakini kanuni nayo ilikuwa imeanza kusikika kama inapigwa nyuma ya pazia. Kwa ncha ya wembe akapunguza ukingo wa plasta. Kiasi gani? "Nusu milimita." Akasikiliza. Mara moja alijaribu pia kuziba kile kitundu cha sindano kilicho ubavuni mwa hedifoni, ambacho mimi nilidhani ni kasoro ya kiwandani. Besi ikavimba, ikawafunika wapiga magitaa wote. Akakizibua, akasema kitundu kile ndiyo pua yake.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kariakoo ilikuwa inapiga kelele kwa nguvu zake zote, machinga wanashindana na spika zao za matangazo. Mzee akazima taa. Kulehemu hufanya mchana, alisema, hukumu hutoa asubuhi. Sikio lililosikiliza kutwa limeshazoea, na lililozoea halisikii kasoro. "Njoo kesho saa moja, kabla hawajafungua."

Nilikwenda. Mitaa ilikuwa na wafagiaji tu na muuza kahawa aliyegonganisha vikombe vyake. Mzee alikuwa ameshasikiliza upande wa kushoto, anasikiliza wa kulia, peke yake, mwingine ukiwa mezani. Alitoa plasta ya kulia yote akaweka mpya, kwa sababu sponji ya kushoto inameza kidogo ile sauti nyembamba na silikoni ya kulia haimezi, kwa hiyo vipande viwili havikupaswa kulingana. Jana hilo halikumjia. Usiku ndipo lilipomjia, akiwa amelala. Kushoto plasta ikabaki nusu, kulia theluthi mbili kasoro.

Kwenye kicheza muziki changu aligusa ikwalaiza mara moja tu, kwa kushusha desibeli mbili mahali pamoja. Hakupandisha kitu. Akanipa.

Nimesikiliza wimbo ule wa Mlimani Park tangu utotoni, kwenye redio ya baba. Sikuwahi kujua kwamba mpiga gitaa la pili husubiri. Kuna mahali anaacha nafasi, pumzi nzima, kabla ya kuingia. Nilimwambia Mzee. Akasema, "Eeh, yule," kama mtu aliyetajiwa jirani.

Alinitoza fedha ya pini. Nilipomwuliza ya plasta alicheka, akaniambia sponji itachoka baada ya miezi kadhaa, nirudi aibadilishe, na nisifikirie kununua nyingine mpaka hizi zife kweli.

Jioni, nikivua shati, nilikuta kwenye mkono wake kipande cha plasta kimeng'ang'ania, ukingo aliounyoa siku ya kwanza. Nilikitoa kwa kucha nikakiweka juu ya rula. Kilikuwa chembamba kuliko mstari wa milimita ya kwanza, na kimenyooka kama uzi.